Euro 100 za Jumapili Köln, na Shangazi aliyeomba maji

Risiti bado ninayo. Imeshikiliwa na sumaku kwenye mlango wa friji, wino umeanza kufifia, lakini jumla inasomeka: euro 95.20. Zilizotoka ni 100. Themanini zilikuwa zangu, ishirini za Shangazi, alizozifungua kwenye leso mhudumu akiwa amesimama na pochi yake nyeusi anasubiri. Kwa sababu ya ile ishirini, suala la kama tulikula kwa haki au tulipigwa halikuishia mezani. Lilipanda nasi tramu, likalala nyumbani kwetu, na hadi Shangazi anarudi Tanzania lilikuwa bado halijafungwa.

Naliandika kwa sababu ndugu wanaokuja huku huniuliza kila mara: hizi hoteli za kawaida za Wajerumani, zile za meza za mbao na bia, hela yake ni halali? (Na hela lenyewe ni neno lao: Heller, sarafu iliyotumika kwetu enzi za mkoloni wa Kijerumani.) Zamani nilikuwa najibu haraka kwamba ni ghali. Baada ya kuipasua hii risiti mstari kwa mstari, sijibu tena haraka.

Mezani tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka mitano, na Shangazi, dada yake baba, aliyekuja kututembelea Oktoba 2025 kutoka Same. Shangazi ni Msabato wa kuzaliwa. Hagusi nguruwe, hanywi pombe, hanywi kahawa wala chai ya majani, na siku ya Sabato hanunui hata kiberiti, ndiyo maana tulitoka Jumapili. Usabato wa Upare una mkono wa Wajerumani ndani yake: mwaka 1903 wamishonari wao walipanda milima yetu wakajenga kituo wakakiita Friedenstal, yaani bonde la amani. Kwa hiyo Shangazi hakuja Ujerumani kama mtalii. Alikuja kama mtu anayekwenda kukagua kiwanda kilichotengeneza baiskeli yake.

Jambo la pili la kumjua: kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha mgahawa karibu na stendi ya Same, pale abiria wa Dar na Arusha wanaposhuka dakika kumi wale, wajisaidie, wapande. Sahani anaijua kutokea jikoni. Ukimwekea wali anakuambia kilo moja imetoa sahani ngapi. Na ni Mpare. Utani wenu kuhusu sisi na pesa naujua wote, sitaukanusha hapa, maana kisa chenyewe kitanisuta.

Nyumba tuliyokula sitaitaja. Iko Altstadt, mji mkongwe wa Köln, na ni ya aina wanayoiita Brauhaus, nyumba ya bia. Bia yenyewe ni Kölsch, ambayo tangu mkataba wa viwanda vya bia wa 1986 ni jina la bia ya Köln na viunga vyake tu. Inaletwa kwenye glasi nyembamba ya lita 0.2, ndogo kiasi kwamba mgeni hudhani ameletewa ya kuonja. Mhudumu wanamwita Köbes, ndiye Yakobo kwa lafudhi ya mji huo. Anavaa aproni ya buluu na anabeba trei ya duara yenye mshikio katikati, glasi zimeizunguka. Glasi yako ikikauka hakuulizi. Anatua nyingine na kuchora mstari wa penseli kwenye kile kikadi cha kuwekea glasi. Usipofunika glasi kwa kikadi, mvua haikatiki. Meza ni ndefu, hazina kitambaa, unakaa na usiowajua. Watu wa mji wanakwenda na watoto, na bibi, na mbwa.

Pale mlangoni orodha ya bei imebandikwa dirishani, kwa sababu sheria yao inataka mtu ajue bei kabla hajaingia. Shangazi alisimama kwenye dirisha lile muda mrefu kuliko aliosimama mbele ya kanisa kuu la Dom. "Soma," akaniambia. Nikawa nasoma na kutafsiri, naye anachuja.

Kuchuja kwenyewe ni kazi, kwa sababu nguruwe kwenye menyu ya Kijerumani hajitangazi. Ukiona "Wiener Schnitzel", jina hilo limetengwa kwa nyama ya ndama. Pale ilikuwa euro 26.90. Mstari wa chini yake kuna "Schnitzel Wiener Art", yaani kwa mtindo wa Vienna, euro 18.90, na hapo mnyama ni mwingine kabisa, ndiye yule. Neno moja dogo linakuokolea euro nane na kukuvunjia mwiko. Halafu kuna Rinderroulade. Rinder ni ng'ombe, Shangazi akafurahi, akasema basi nipe hiyo. Nikamwambia ni ng'ombe kwa nje. Ndani wamemkunja na tango la siki, haradali na kipande cha mafuta ya nguruwe. Akaniangalia kana kwamba nimewatuma mimi.

Kuna na "Halver Hahn", nusu jogoo. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliagiza nusu jogoo nikiwa na njaa ya mwanafunzi, nikaletewa kimkate cha rai (nafaka jamaa ya ngano), pande la jibini, vitunguu na haradali. Kuku hakuna, na hajawahi kuwepo. Ni utani wa mji, na mgeni ndiye anayeugharamia. Siku hii niliuagiza kwa makusudi, ili Shangazi naye alipie ushamba kidogo, ila pesa ni yangu.

Mwishowe tukaagiza hivi. Shangazi: Sauerbraten, nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye siki kwa siku kadhaa, 21.90. Mimi: mchuzi mzito wa ng'ombe, gulashi, 17.90. Nusu jogoo, 6.90. Mke wangu ni Mchaga wa Machame, kitimoto kwake si kesi, na nilijua macho yake yako kwenye Hämchen, lile goti la nguruwe lililochemshwa na kuwekwa juu ya kabichi chachu, 19.90. Lakini mbele ya shangazi wa mume? Akasema kwa sauti ya upole kwamba atachukua Reibekuchen, chapati za viazi vilivyokwaruzwa, na samaki wa kukaushwa kwa moshi, 16.90. Goti moja likapita likielekea meza ya dirishani, linatoa moshi, limezidi sahani pande zote. Mke wangu alilisindikiza kwa macho hadi likatua.

Mtoto tulimwombea Räuberteller. Hiki ni kitu cha Wajerumani ninachokipenda kweli: "sahani ya jambazi", sahani tupu na uma, bure, mtoto anapora kwenye sahani za wakubwa. Shangazi nilipomweleza alicheka hadi akavua miwani. "Sasa huku ndiyo kuna akili," akasema. "Mimi mtoto alikuwa anachukua sahani nzima, anakula vijiko vitatu, mama mtu anagoma kulipa."

Ikaja zamu ya vinywaji, na hapo ndipo hadithi ilipo.

Shangazi alitaka maji. Köbes, mzee wa mashavu mekundu, akamtazama kwa uso mkavu akauliza, "Na sabuni na taulo nilete?" Ni mzaha wao wa kale kwa anayeomba maji kwenye nyumba ya bia, wenyeji wanausubiri. Nikatafsiri huku nikiona aibu. Shangazi hakuona mzaha wowote. "Mwambie alete," akasema, akikunja mikono ya blauzi. "Nilikuwa nashangaa mbona hawatunawishi." Nikamfikishia Köbes neno kwa neno. Alisimama kidogo, akageuka, akaenda. Akarudi na bakuli la maji ya vuguvugu na taulo safi begani, akaviweka mbele ya Shangazi bila kucheka, akainama kama yuko ikulu. Shangazi akanawa, akamnawisha mtoto, akamshukuru kwa Kiswahili. Kuanzia hapo yule mzee alikuwa wake.

Haikumsaidia kwenye bei. Maji ya chupa, lita 0.75, yalikuwa euro 6.90. Tulikunywa mbili. Maji ya bomba ya Köln ni safi, nyumbani ndiyo tunayokunywa, na ningeweza kuomba jagi. Mwenye nyumba halazimiki kukupa, lakini ukiomba vizuri pamoja na kinywaji kingine wapo wanaokupa. Mimi nikafa na tai shingoni, nikaagiza chupa, mgeni asione tunabana. Juu yake tukaongeza Apfelschorle, juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi, glasi nne za lita 0.3 kwa 3.60 kila moja: mke wangu moja, mimi moja, mtoto mbili. Na Shangazi mwishoni akachukua chai ya mnanaa, 3.40.

Glasi za Schorle zilipokuja, Shangazi akainua ya mtoto akaitazama kwenye mwanga. Glasi za huku zina mstari mwembamba wa kipimo karibu na mdomo na maandishi "0,3 l". "Huu mstari ni wa nini?" Nikamweleza: kinywaji kinatakiwa kifike hapo. Kilikuwa chini kwa upana wa kidole. "Sasa?" akauliza. Nikajaribu kusema kwamba si kitu. "Wewe ulisoma kwa bei ya vipimo," akasema, na ni kweli, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye vikombe vya uji vilivyojazwa hadi kwenye ua lililochorwa, si chini na si juu. Köbes alipopita akamwonyesha mstari kwa kidole. Hakubishana. Alichukua zote akazijaza, akarudisha na kumwonyesha mstari, naye kwa kidole.

Chakula kilikuja kwa pamoja. Sauerbraten ilikuwa vipande viwili vinene vya nyama nyeusi, mchuzi unaong'aa una zabibu kavu ndani, matonge mawili ya viazi makubwa kama ngumi ya mtoto, kabichi nyekundu, na bakuli dogo la tufaha zilizopondwa. Zamani nyama hii huku Rhineland, eneo lenye Köln, ilikuwa ya farasi. Hilo nililiweka moyoni. Shangazi alikata kipande kwa ubavu wa uma, hakugusa kisu, akakiweka kwenye ulimi akafumba macho. Nikadhani anaomba. "Karafuu," akasema. Akatafuna tena. "Karafuu, na jani la bay, na kitu kama mbegu ya mti." Ni tunda dogo la mreteni, wanaliloweka humo na siki na vitunguu. Kisha akaonja kabichi: karafuu tena. "Hawa wamekula karafuu za Pemba miaka yote hii, na mimi huko Same naweka kwenye pilau peke yake." Alikula hadi mchuzi wa mwisho, akausafisha kwa tonge la viazi. Ninavyomjua, chakula asichokiheshimu hukiacha nusu na kukifunika kwa leso ya karatasi.

Gulashi yangu ilikuwa nzuri, ya kawaida, sina la kusema. Nusu jogoo ilimchekesha Shangazi, na nusu yake ilienda na jambazi. Chapati za mke wangu zilikuwa tatu, kavu kingo, laini kati, na samaki vipande viwili vyembamba vinavyopitisha mwanga.

Upande wa pili wa meza yetu alikaa mzee mmoja peke yake na gazeti. Alikuwepo tulipofika, tukamwacha. Kikadi chake kilikuwa na mistari saba ya penseli. "Yule anaandikiwa deni?" Shangazi akauliza, maana kikadi kilifanana na daftari la duka la Mangi. Nikamwambia ndiyo, ila linalipwa leo. Tangu saa sita na nusu hadi saa tisa tulikaa pale bila mtu kutugusia bili. Huku haiji hadi uiombe. Shangazi ndiye aliyeliona hili zaidi yetu. Aliangalia ukumbi, akahesabu viti kwa midomo, akauliza, "Hii meza wanaiuza mara ngapi kwa siku?" Nikasema mchana mara mbili, labda. Akatikisa kichwa. Meza yake ya stendi iliuzwa mara nne kabla ya saa nne asubuhi.

Köbes alipokuja na pochi akauliza pamoja au kila mtu na lake, jambo ambalo Shangazi aliomba nilirudie, kisha akakataa kuamini kwamba watu wa nyumba moja wanaweza kugawana bili. Nikatoa kadi. "Taslimu tu." Nikatoa pesa yote niliyokuwa nayo, themanini. Ikafuata leso. Bakshishi huku haiachwi mezani; unataja kiasi unachotaka kulipa yeye anakata. Nikasema mia. Euro 4.80 juu ya 95.20 ni asilimia tano, kiwango cha chini cha ustaarabu, na kwa lile bakuli la kunawa nilipaswa kufika kumi. Nilikuwa sina.

Kwenye tramu namba 1, tukivuka daraja la Deutz, Shangazi akasema: "Nimechangia, sasa nina haki ya kusema." Akaomba risiti.

Njia yake ya kuhukumu sahani ni ya Same, na nimegundua ni nzuri kuliko ya wengi wanaotoa nyota kwenye simu. Anasema bei ya sahani igawe mara tatu: theluthi ya sokoni, theluthi ya mkaa na vijana, theluthi yako, na yako ndiyo inayoliwa kwanza mambo yakiharibika. Sokoni ikiwa chini sana ya theluthi, umeibiwa. Ikizidi sana, mwenye hoteli atafunga, na wewe kula haraka kabla hajafunga.

Tukaanza na sahani yake. Kwanza tukatoa kodi ya ongezeko la thamani. Wakati ule chakula cha hotelini kilitozwa asilimia 19, na bei ya menyu huwa imeshaibeba, 21.90 ikabaki 18.40. Nyama alikadiria gramu 300 mbichi, kwa sababu ng'ombe akiiva hivyo hupungua theluthi. Kwa bei ya kilo euro 15 ninayoiona buchani, ni 4.50. Viazi, kabichi, tufaha, zabibu, siki na viungo, tukasema 2. Jumla 6.50 kwenye 18.40. Theluthi na ushee. "Hapa hakuna wizi," akasema Shangazi. Na bado mtu aliigeuza ile nyama kwenye siki siku baada ya siku, katika nchi ambayo mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa euro 12.82 kwa saa, bila michango ya bima anayoongeza mwajiri. Ile nyama ilikuwa ya bei rahisi. Ningepika mwenyewe ningeokoa pesa kidogo na kupoteza wiki.

Tukashuka kwenye chapati za mke wangu, na hapo mahakama ikageuka. 16.90 ukitoa kodi ni 14.20. Viazi vitatu, kitunguu, yai, mafuta, samaki wa kuhesabu. Shangazi hakufika euro 3 hata alipolazimisha. "Wewe ndiye umepigwa," akamwambia mke wangu kwa huruma ya dhati. Mke wangu akatazama nje ya dirisha akasema asante Shangazi. Hakusema kwa nini alichagua viazi.

Halafu vinywaji. Chupa mbili 13.80, Schorle nne 14.40, chai 3.40: euro 31.60. Theluthi nzima ya bili, na jiko halikuwashwa isipokuwa kuchemsha maji ya chai. Chupa moja ya maji ukitoa kodi inaacha 5.80, na tukisema wao wameinunua kwa euro 1, mbili zinaacha 9.60. Sahani ya Sauerbraten, yenye mpishi na siki na siku zake zote, inaacha 11.90. Shangazi alinyamaza vituo viwili.

Na hawajavunja sheria. Ujerumani sheria ya mahoteli inamtaka mwenye leseni ya pombe awe na angalau kinywaji kimoja kisicho na pombe ambacho hakizidi bei ya pombe iliyo rahisi kuliko zote, kwa kulinganisha lita kwa lita. Kölsch pale ilikuwa 2.40 kwa lita 0.2, yaani euro 12 kwa lita. Schorle 3.60 kwa lita 0.3: euro 12 kwa lita, kamili, kama imepimwa kwa rula. Maji 9.20 kwa lita. Sheria imetimia. Ila sheria inalinganisha maji na bia, haiyalinganishi na bomba.

Hapa nakiri makosa mawili yangu. Schorle ya lita 0.5 ilikuwa 4.90; kwa mbili kubwa tungepata lita nzima kwa 9.80 badala ya kutoa 14.40 kwa lita 1.2, na mtoto hakumaliza glasi ya pili hata hivyo. La pili ni ile chupa ya pili ya maji, iliyofunguliwa kwa fahari tu. Shangazi hakukubali ibaki. Aliimaliza amesimama, koti tayari amevaa.

Lakini kilichonibadilisha ni yule mzee wa gazeti. Mistari saba kwa 2.40 ni 16.80. Alikula nusu jogoo, 6.90. Jumla 23.70 kwa saa tatu na zaidi za joto, gazeti, na mhudumu anayemjua kwa jina. Sisi, ukigawa kwa wakubwa watatu, ni 31.73 kila mmoja. Nyumba ni ileile, bei ni zilezile. Na lile goti la nguruwe la 19.90, lililozidi sahani, lilikuwa na nyama ambayo kwa hesabu ya Shangazi ingevuka theluthi ya sokoni, kama angekubali kulihesabu. Vitu ambavyo Brauhaus inavifanya vizuri na kwa bei ya haki ni nguruwe na bia. Tuliingia tukiwa tumevikataa vyote viwili, kwa sababu zetu nzuri tu, kisha tukashangaa kwamba tulichobakiwa nacho, viazi na maji, ndicho chenye faida nono. Sauerbraten ilikuwa bahati, au pua ya Shangazi.

Mke wangu ana hoja yake, na siwezi kuiangusha. Anasema kwa euro 100 pale Kalk tunapokaa tungekula kwa Waturuki mara mbili, wote, tushibe, na chai kwa bei ya karibu na bure. Kweli. Nikamwambia kule hukai saa mbili na nusu. Akasema hakuomba kukaa saa mbili na nusu. Shangazi, aliyekuwa anatusikiliza, akaingilia: "Maji ni kodi ya kiti. Hawakufukuzi, basi wanakutoza kwenye maji." Mke wangu akasema basi waandike kwenye menyu: kiti, euro 6.90. Hapo nilikuwa upande wake.

Wiki iliyofuata, Shangazi akiwa kanisani, mimi na mke wangu tulirudi nyumba ileile mchana. Aliagiza goti. Alikunywa Kölsch mbili, mimi tatu, tukagawana sahani moja na bado tukabeba mabaki kwenye foili. Bili: 31.90. Köbes yule mzee akauliza mama wa sabuni yuko wapi.

Tarehe 1 Januari 2026 kodi ya chakula cha hotelini ilishushwa hadi asilimia 7. Vinywaji vimebaki 19. Nilipita dirishani nikaangalia: Sauerbraten 21.90, ileile. Nikaipiga picha nikamtumia Shangazi. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa wa dakika nne. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba sasa kwenye sahani yake inabaki 20.47 badala ya 18.40, kwa hiyo wamekula euro mbili na ushee za watu. Nikamjibu kwamba kima cha chini nacho kimepanda siku hiyohiyo, kutoka 12.82 hadi 13.90, huenda vijana ndio wamezila. Akasema sawa, kama ni vijana sawa.

Kisha akakumbuka. "Na ile ishirini yangu nitumie. Toa chai, chai niliagiza kwa mdomo wangu mwenyewe." Ishirini kutoa 3.40 ni 16.60. Nikabadilisha kuwa shilingi, nikatuma kwa simu jioni ileile, nikaongeza na ya kutolea.

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Imefika. Umetumia kiwango cha lini?"